Korosho haiachwi ghalani bila stakabadhi, sembuse mtoto anayekwenda kazini

Masasi/Newala. Simu ya habari njema mara nyingi huingia jioni, watu wakiwa wamesharudi kutoka shambani. "Dada, mwambie mtoto ajiandae, kazi imepatikana. Ni shule ya binafsi huku Dar, mshahara laki sita, chumba cha kulala kipo. Jumatatu wanamtaka."

Anayezungumza ni mjomba. Kabla simu haijakatwa, mama ameshaanza kumshukuru Mungu, baba anauliza nauli siku hizi ni kiasi gani, na binti mwenyewe anatafuta begi. Asubuhi yake majirani wote wana habari. Jumapili alfajiri atapanda basi.

Binti huyu ni wa mfano tu, lakini wazazi wengi wa Newala, Masasi na Tandahimba hawatahitaji kuelezwa zaidi. Amemaliza shahada ya ualimu. Huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani, akijitolea kufundisha katika sekondari ya serikali iliyo jirani. Kila msimu wa korosho unapofunguliwa anawasikia watu wakiulizana, "Huyu naye bado hajapata?" Simu ya mjomba inamtoa aibuni yeye pamoja na wazazi wake.

Katika furaha hiyo kuna swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza: mkataba uko wapi?

Kwa nini swali hilo ni gumu

Kwa Wamakonde, kama ilivyo kwa majirani zao Wamakua na Wayao, ukoo kwa desturi huhesabiwa upande wa mama. Mjomba kwa hiyo si ndugu wa pembeni. Sauti yake husikika katika mambo makubwa ya watoto wa dada yake, na hata vijana waliokulia mjini wanajua kwamba mjomba akisema jambo, halijibiwi ovyo.

Ndiyo maana kijana anayeambiwa kazi imepatikana huona vigumu kusema, "Mjomba, naomba kwanza niuone mkataba." Anahofia maneno hayo yatasikika kama anasema, "Mjomba, sikuamini." Anaona heri anyamaze, asafiri, mengine atayajua hukohuko.

Lakini mjomba si mwajiri. Mara nyingi naye ameambiwa na rafiki, na rafiki ameambiwa na mtu wa ofisini. Amebeba maneno mazuri kwa nia njema, bila kujua kama hiyo laki sita ni kabla au baada ya makato, kama chumba ni cha bure, au kama kazi ni ya mwaka mmoja au ya kudumu. Mambo yakienda kombo, atakayelaumiwa na dada yake ni yeye, wala si mwenye shule. Karatasi ya mkataba inamlinda kijana, na inaulinda udugu pia.

Wazazi wa huku wana somo hili tayari, ila wamelizoea kwenye korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia kwenye zao hilo mwaka 2007, mkulima hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS. Korosho hupimwa, kisha yeye hupewa karatasi inayoonyesha kilo zake. Baada ya hapo ndipo mzigo unapokwenda ghala kuu na kusubiri mnada wa vyama vikuu, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, TANECU kwa Tandahimba na Newala.

Karani wa mizani anaweza kuwa mtoto wa dada yake mkulima, waliyelala nyumba moja usiku uliopita. Bado mkulima atasimama pale mpaka apewe karatasi yake. Yeye haoni haya kuidai, na karani hakasiriki. Ada ya binti wa mfano wetu ililipwa kwa korosho hizohizo zilizoandikiwa karatasi, msimu baada ya msimu. Inashangaza kwamba anapofika wakati wa kumtuma yeye mwenyewe, neno la simu linatosha.

Babu walitia dole gumba

Kuondoka kusini kwenda kufanya kazi ya mkataba si jambo la leo. Enzi za ukoloni wa Mwingereza, mashamba ya mkonge ya Tanga, Morogoro na Lindi yalitegemea vibarua waliotoka mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuandikisha vibarua iliyojulikana kama SILABU, na mikoa ya kusini ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotoa watu. Wengine walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji.

Walioandikishwa waliitwa manamba, jina linalotokana na namba aliyopewa kila mtu. Wengi hawakujua kusoma, hivyo walitia dole gumba kwenye karatasi wasiyoielewa. Kila mmoja alikuwa na kipande cha siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopangiwa haikuhesabiwa. "Mwezi" wa manamba kwa hiyo ungeweza kuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda. Yalikuwa maisha magumu, na neno hilo limebaki na harufu ya dharau hadi leo.

Hata hivyo, katika mapatano yale ya kikoloni kulikuwa na jambo moja lililokuwa wazi: safari ya kurudi. Manamba alisafirishwa kwenda shambani, na mkataba ulipokwisha alirudishwa kwao. Leo kijana mwenye shahada anasafiri zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam bila kujua kama ana haki hiyo. Anayo, ila inategemea mstari mmoja ulioandikwa kwenye mkataba wake.

Karatasi iseme nini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inatambua mikataba ya aina tatu. Wa kwanza ni mkataba usio na kikomo, ambao watu huuita ajira ya kudumu. Wa pili ni wa muda maalumu, kwa mfano miaka miwili. Wa tatu ni wa kazi maalumu, ambao kazi iliyotajwa ikimalizika nao umemalizika. Kijana anayechukuliwa kwa shughuli ya msimu mmoja wa korosho hana sababu ya kushangaa mwezi Februari akiambiwa kazi imeisha, ikiwa alijua tangu Oktoba kwamba mkataba wake ni wa aina hiyo ya tatu.

Kifungu cha 15 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa za ajira kwa maandishi anapoanza kazi. Taarifa hizo ni pamoja na jina, anuani, umri na jinsi ya mfanyakazi, mahali alipoajiriwa, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara na jinsi unavyokokotolewa, pamoja na marupurupu. Kama mfanyakazi haelewi kilichoandikwa, mwajiri anatakiwa kuhakikisha anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Kwa hiyo kijana anayesema "sehemu hii sijaielewa" hasumbui mtu. Anaomba kitu ambacho sheria imeshampa.

Faida ya kifungu hicho huonekana siku ya ugomvi. Kesi ikifika mbele ya chombo cha sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa unamwangukia yeye. Pamoja na hayo, kijana asitegemee makosa ya mwajiri. Apewe nakala yake iliyosainiwa na pande zote mbili, aipige picha, na picha hiyo aitume nyumbani.

Mstari unaohitaji jicho la pekee ni ule wa mahali alipoajiriwa. Sheria inasema ajira ikikoma mahali ambapo sipo mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri anatakiwa kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi pale alipoajiriwa, au kumlipia gharama ya safari hiyo. Anatakiwa pia kumlipa posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Binti aliyepokea kazi akiwa Newala, kisha akasaini karatasi inayosema aliajiriwa Dar es Salaam, amejiondolea hoja ya kudai nauli ya kurudi. Neno moja tu, lakini linaweza kuwa tofauti kati ya kurudi nyumbani kwa haki yake na kurudi kwa kuchangiwa.

Jambo jingine ni kipindi cha majaribio. Kwa kanuni za mwaka 2007, majaribio hayatakiwi kuzidi miezi 12. Muda huo uandikwe, na iandikwe pia kama mshahara wakati wa majaribio ni uleule. Kijana ajue vilevile kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo. Miezi hiyo ya mwanzo ni ya kufanya kazi kwa makini na kutunza kumbukumbu zote.

Yapo pia mambo ambayo mkataba hauruhusiwi kuyashusha chini ya sheria, hata kijana akisaini. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi ni siku 84 kwa uchache, na hufika 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja. Likizo ya ugonjwa ipo na ina malipo. Mkataba unaosema "hakuna likizo mwaka wa kwanza" haujafuta haki hizo. Unamwonyesha tu kijana ni mwajiri wa namna gani anayekwenda kumfanyia kazi.

Laki sita haiji yote

Katika kikao cha familia, laki sita inaweza kugawanywa kabla haijapatikana. Laki moja ya mdogo wake anayesoma, elfu hamsini ya bibi, kiasi fulani cha salfa ya kupulizia mikorosho, na mabati ya nyumba ya mama kidogokidogo. Kabla ya hesabu hiyo kuna hesabu nyingine ya kufanya.

Chukua mshahara ghafi wa Sh600,000 kwa mwezi. Mchango wa mfanyakazi katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) kwa kawaida ni asilimia 10, sawa na Sh60,000. Zinabaki Sh540,000 za kukatwa kodi. Kwa viwango vya kodi ya mishahara vilivyoanza Julai 2021, Sh270,000 za kwanza hazikatwi kitu. Kutoka hapo hadi Sh520,000 hukatwa asilimia nane, yaani Sh20,000. Sh20,000 zinazobaki hukatwa asilimia 20, yaani Sh4,000. Kodi yote ni Sh24,000.

Kama binti alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani Sh90,000. Ukijumlisha makato yote, kinachoingia mkononi ni Sh426,000. Ambaye hana mkopo atapata Sh516,000.

Hapo hajanunua chakula wala hajalipa daladala. Kama chumba kiko mbali na shule, au kama "chumba kipo" maana yake kipo cha kupanga, hesabu inapungua tena. Mzazi aliyeiona Sh426,000 kwenye karatasi hatamlaumu mwanawe kwa kutuma elfu thelathini mwezi wa kwanza. Mzazi aliyebaki na laki sita kichwani atadhani mtoto ameshaharibika na mji.

Makato hayo si hasara. Mchango wa NSSF huongezewa na wa mwajiri hadi kufikia asilimia 20 ya mshahara, na ni akiba ya mfanyakazi. Tatizo huwa pale fedha inapokatwa bila kupelekwa. Baada ya miezi miwili au mitatu, kijana aombe taarifa ya michango yake NSSF aone kama inaingia. Kugundua mapema kuna nafuu kuliko kugundua baada ya miaka mitano.

Kuna pia njia rahisi ya kumtambua mwajiri wa uongo: anaomba fedha kabla ya kutoa kazi. Hela ya fomu, hela ya sare, hela ya vipimo, "itume kwenye namba hii tukuwekee nafasi." Mwenye kazi ya kweli humlipa mfanyakazi, hamtozi. Shule iliyosajiliwa ina namba ya usajili ya Wizara ya Elimu, na kuiuliza hakugharimu kitu.

Abaki akijitolea au aende?

Wapo wazazi wanaoona mtoto akiondoka atapoteza nafasi ya serikalini. Hoja yao ni kwamba amejitolea miaka miwili, mkuu wa shule anamfahamu, akisubiri kidogo ajira zitatoka.

Kujitolea kuna thamani yake. Kunampa mwalimu uzoefu darasani na mtu wa kumshuhudia. Lakini kujitolea si ajira, na miaka miwili ya kufundisha bila barua yoyote ni vigumu kuithibitisha. Kijana anayejitolea aombe barua inayoonyesha shule, masomo anayofundisha na tarehe aliyoanza. Akiondoka, aombe nyingine ya kuonyesha tarehe aliyomaliza.

Kuhusu nafasi za serikali, maombi hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa njia ya mtandao, na siku hizi walimu nao huitwa kwenye usaili. Maombi hayo hutumwa vilevile akiwa Newala, Masasi mjini au Dar es Salaam. Kinachoweza kumkwamisha si umbali, ni vyeti. Wanaoitwa kwenye usaili hutakiwa kufika na vyeti halisi. Mwajiri wa binafsi akivichukua "kwa usalama" na kuvifungia kabatini, siku ya usaili binti atakuwa anaomba ruhusa kwa mtu asiyetaka aondoke. Jibu la adabu lipo: "Vyeti halisi nimekuja navyo mvihakiki, nakala hizi hapa mbaki nazo."

Vilevile asome sehemu inayohusu kuacha kazi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kisheria baada ya mwezi wa kwanza si chini ya siku 28, na katika mwezi wa kwanza si chini ya siku saba. Kama mkataba unadai muda mrefu zaidi, au unamtaka alipe fedha akiondoka kabla ya mwaka, hilo ni jambo la kuzungumza kabla ya kusaini. Kuja kulizungumza siku barua ya serikali inapotoka kutakuwa kumechelewa.

Uamuzi wenyewe ni wa nyumba na nyumba. Kwa binti ambaye nyumbani ana chakula, shule anayojitolea iko jirani na masharti ya Dar hayajaandikwa, kusubiri wiki mbili si uvivu. Kwa yule ambaye mkataba umekuja ukiwa kamili, na uzoefu alioupata kwa kujitolea umetosha, kubaki kwa hofu tu kunaweza kumchelewesha.

Kazi ya kwanza haina lazima iwe ya mwisho. Mtu maarufu kuliko wote aliyetoka pande hizi, Rais wa Awamu ya Tatu Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso wilayani Masasi mwaka 1938, alihitimu Makerere mwaka 1962 na kuanza kazi ya utawala Dodoma. Ndani ya mwaka huohuo alihamia Mambo ya Nje. Mwaka 1966 alikuwa mhariri wa magazeti. Kubadili kazi ukiwa kijana si kukosa msimamo, ilimradi mtu anajua anaachana na nini na kwa utaratibu gani.

Mambo yakiharibika

Aliyeachishwa kazi na kuona hakutendewa haki anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana kama CMA. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine, kama ya mshahara usiolipwa, ni ndani ya siku 60. Huanza na usuluhishi, pande mbili zikikaa mezani, na mlalamikaji anaweza kwenda mwenyewe bila wakili.

Kosa la kuepuka ni kukimbilia nyumbani. Binti anafukuzwa, analia, anapanda basi. Anakaa Newala mwezi mzima akiona aibu kutoka nje, na anapopata nguvu ya kuuliza, siku zake 30 zimepita. Isitoshe, mgogoro hupelekwa kwenye ofisi ya CMA ya mahali tatizo lilipotokea. Kazi iliyoharibikia Dar hushughulikiwa Dar, na ya Masasi hupelekwa Mtwara mjini, safari ya karibu kilomita 200. Mzazi anayepigiwa simu ya kilio asiseme tu "rudi nyumbani mwanangu." Amwambie kwanza apeleke malalamiko, ndipo arudi.

Maneno ya kuuliza

Yote haya hayana maana kama binti atashindwa kufungua mdomo mbele ya mjomba wake. Nyumba ambazo huvuka hapo salama ni zile ambazo mzazi hulibeba swali pamoja na mtoto. Mazungumzo yenyewe si marefu.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeshakata tiketi?"

"Bado, mjomba. Nakushukuru sana kwa kunitafutia. Nilikuwa naomba wanitumie mkataba kwenye simu niusome. Nikiukubali nakuja mara moja."

Hapo panaweza kupita kimya. Mjomba anaweza kusema, "Wewe kazi zenyewe zilivyo ngumu, unataka kumwekea mtu masharti?" Huu ndio wakati wa baba kuichukua simu: "Shemeji, hakuna anayekudharau. Korosho zenyewe hatuachi ghalani bila karatasi, sembuse mtoto? Wakiandika, na wewe unakuwa salama. Kesho wasije wakasema uliwaletea mtu mliyekubaliana vingine."

Mjomba mwenye busara huliona hilo. Naye ana watoto. Atampigia yule rafiki, rafiki atampigia mtu wa ofisini, na hapo mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza, karatasi inakuja. Familia inakaa jioni, binti anasoma kwa sauti, mahali alipoajiriwa panarekebishwa kuwa Newala, muda wa majaribio unaulizwa, hesabu ya Sh426,000 inafanywa mbele ya wote. Safari inasogezwa hadi Alhamisi. Mwajiri anayemhitaji mwalimu hasa hatashindwa kusubiri siku nne.

La pili, jibu linarudi kwamba hakuna mkataba, aje kwanza, mengine yataongelewa hukohuko. Hilo nalo ni jibu. Begi linarudishwa chumbani, na Jumatatu asubuhi binti anakwenda kujitolea kama kawaida, barua yake ya uthibitisho mkononi. Nauli ya kwenda bado iko kwa mama, na haikuhitaji mtu kuchangiwa nauli ya kurudi.